Jina letu linaishia Kasindi

Mfanyabiashara wa Butembo, mashariki mwa Congo, akiagiza kontena kutoka Guangzhou, namba yake anaijua kwa kichwa. Anajua siku meli ilipotia nanga Mombasa. Anajua kama dereva amelala Malaba au ameshapita. Anajua saa ambayo lori litafika Mpondwe, mpakani upande wa Uganda, na likichelewa nusu siku, simu yake haipumziki. Sasa muulize mtu huyohuyo kuhusu gunia la kakao lililoingia kwenye depo yake jana jioni: limetoka shamba la nani? Atakujibu, "Mbau." Mbau ya wapi? Kwa nani? Mwenye shamba bado yupo, au alikimbia na shamba sasa linavunwa na mwingine? Hapo atakucheka. Mbau iko kilomita kama 20 tu kaskazini mwa Beni. Guangzhou iko upande wa pili wa dunia.

Leo nataka kulisema hili bila kumung'unya maneno. Tajiri wa Butembo, ambaye huko Dubai na Guangzhou neno lake la simu linatosha kumpatia mali kabla hajalipa, hawezi kusema mali ya nyumbani kwake imetoka wapi. Na kwa kuwa hawezi kusema, anaiuza kwa bei ya kitu kisicho na mwenyewe. Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Yetu inaisha kila msimu, mchana kweupe, kwa kelele za malori, na bado tunajifanya hatujui imekwenda wapi.

Ukitamka neno uendelevu mjini Butembo, watu wanaona semina. Wanaona ukumbi wa hoteli, maji ya chupa, kofia yenye nembo ya mfadhili, picha ya pamoja na bahasha ya usafiri. Wakubwa wa biashara huwatuma vijana wao wakakae mstari wa nyuma, wenyewe wakabaki dukani. "Hayo mambo ya mashirika," wanasema. Hapo ndipo wanapopotea, na upotevu huo unahesabika kwa dola. Msitu ubaki umesimama, udongo utunzwe, mkulima alipwe bei ya haki, kila gunia lijulikane shamba lake: haya ni mambo ya faida kwanza, huruma ifuate baadaye. Kwa mfanyabiashara wa Beni na Butembo, hii ndiyo silaha pekee ya ushindani aliyobakiwa nayo.

Hebu tuzihesabu silaha nyingine tuone. Tushindane kwa bandari? Hatuna, kila tunachouza nje kinapita kwa jirani. Kwa barabara? Ile ya Kasindi hadi Beni, kilomita 80, pamoja na tawi la Beni hadi Butembo, kilomita 54, imebidi tuijenge kwa mkataba na Uganda, na marais wawili wakaja kuzindua kazi mpakani Juni 2021. Kwa umeme? Nenda mtaa wowote wa maduka Butembo uhesabu jenereta. Kwa amani? Nisikuchokoze. Kwa wingi? Côte d'Ivoire na Ghana peke yao hutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia nzima. Tani zetu ni chenji mfukoni mwao. Kwa bei ya chini basi? Ndivyo tunavyofanya sasa, na anayeshindana kwa unafuu wa bei huku gharama za usafiri zikimzidi kila mtu anachimba kaburi lake na kulipia jembe.

Sasa tazama tulicho nacho na wengine hawana. Kakao nyingi ya wilaya ya Beni haikupandwa kwa kufyeka msitu mpya. Ilipandwa mahali pa kahawa. Robusta yetu iliuawa na ule ugonjwa wa kunyauka, trakeomikosi, uliotapakaa miaka ya 1980 na 1990 na kuvuka mpaka kwenda kuangamiza mibuni ya Waganda pia. Wakulima waling'oa mibuni iliyokufa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni kama ESCO-Kivu zikaanza kuwaletea miche ya kakao na kuwafundisha kilimo kisicho na kemikali. Miti ile leo ni mikubwa, imekaa chini ya vivuli, kwenye ardhi iliyokuwa shamba tangu enzi za babu. Dawa za viwandani hatukuzitia, hata kama sababu yenyewe ilikuwa kwamba hatukuwa na fedha ya kuzinunua. Hii ni hazina. Mnunuzi wa chokoleti wa Ubelgiji au wa Marekani anaitafuta kwa tochi.

Na mara moja mtu aliionyesha dunia. Mwaka 2013 kiwanda kimoja cha Seattle, Theo Chocolate, kwa kushirikiana na Eastern Congo Initiative ya yule mwigizaji Ben Affleck, kilitoa chokoleti zilizotengenezwa kwa kakao ya huku kwetu, na kwenye karatasi wakaandika wazi kwamba kakao hii ni ya Congo. Mmarekani alitoa fedha ya ziada kwa sababu ya jina hilo. Jina letu! Sisi wenyewe tulikuwa wapi? Tulikuwa Kasindi, tunalifuta.

Maana Kasindi ndipo jina linapofia. Gunia linatoka Mangina au Oicha, linapita Beni, linashuka mpakani kwa njia ya mbele au ya nyuma, na likishavuka Mpondwe, au likipitia upande wa Bundibugyo, linavaa uraia mpya. Kakao iliyolimwa kwa jasho la mkulima wa Congo, pengine kwa damu yake, inaingia katika hesabu za mauzo ya nje ya Uganda. Cheti ni chao, sifa ni yao, nyongeza ya bei ni yao. Kwetu inabaki noti aliyoshikishwa dalali usiku. Cha mlevi huliwa na mgema, na sisi tumelewa magendo miaka mingi.

Wapo watakaoniambia kwamba magendo yana akili yake: mwenzetu anakwepa kodi. Nakubali kodi zetu ni balaa, na nitaifikia serikali. Lakini hesabu ya mlanguzi ina tundu. Yeye anahesabu alichookoa mpakani, hahesabu alichopoteza kwenye ubora. Acha nikuonyeshe tundu hilo kwa karibu.

Mnunuzi wa kweli wa kakao hapimi kwa macho ya nje. Anachukua punje 100 kutoka kwenye gunia, anazipasua kwa urefu, anazipanga kwenye ubao. Punje iliyochachushwa vizuri ina rangi ya kahawia na mipasuko ndani, na harufu yake tayari inakuambia chokoleti. Iliyochachushwa nusu ina zambarau. Ambayo haikuchachushwa kabisa ni ya kijivu kama bamba la mawe, ngumu, chungu, na hakuna kiwanda kitakachoiponya. Ili kupata ile ya kahawia, kakao mbichi lazima ikae siku tano hadi saba kwenye masanduku ya mbao, imefunikwa majani ya migomba, inageuzwa kila baada ya siku mbili, kisha ianikwe juani hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 7 au 8. Hakuna uchawi hapo. Kuna siku saba za subira na wiki moja ya jua.

Sasa dalali wa usiku ananunua nini? Ananunua kakao mbichi, imetoka kwenye ganda leo, inachuruzika ndani ya ndoo. Anaitandaza kwenye turubai, au kando ya lami inywe moshi wa malori, siku tatu anaifunga. Pasua punje 100 za gunia hilo uone kijivu kilivyotanda. Halafu bwana huyu anashangaa kwa nini Kampala wanamkata bei! Desemba 2024, pale bei ya kakao katika soko la New York ilipopita dola 12,000 kwa tani, hata kijivu kilinunuliwa, na madalali wakajiona wataalamu. Bei ilipoporomoka mwaka uliofuata hadi chini ya nusu ya hapo, wa kwanza kutupwa nje walikuwa wenye kijivu. Soko likipanda linambeba kila mtu. Likishuka, linauliza wewe ni nani.

Najua jibu la mkulima, na ni jibu la kweli: "Nitalala shambani siku saba na nani?" Tangu Oktoba 2014, waasi wa ADF wamewachinja watu wilayani Beni, na msimu wa mavuno ya kakao umekuwa msimu wa mauaji. Mtu anavuna huku anasikiliza nyasi. Anachuma hata maganda ambayo hayajaiva, kwa sababu akingoja yaive, atayavuna mwingine. Anauza mbichi kwa yeyote aliye karibu, kwa bei yoyote, awahi kurudi mjini kabla ya giza. Kijivu kile kwenye punje ni rangi ya hofu.

Ndiyo maana wale wanaosema "tumalize vita kwanza, uendelevu baadaye" wameishika hoja kwa mkia. Vita ndiyo sababu ya kwanza ya kuifanya kazi hii. Mkulima asiyeweza kulala shambani anahitaji kituo cha kuchachushia kilicho mahali salama, Beni mjini, Oicha, Mangina, ambako atapeleka kakao yake mbichi mchana, ipimwe, jina lake liandikwe, alipwe palepale, na siku saba za masanduku ziwe kazi ya kituo. Ni jambo la mbao, majani ya migomba, mizani ya kweli na daftari. Tajiri mmoja wa Butembo anaweza kujenga vituo vitatu kwa bei ya jumba moja analopandisha mlimani na kulifunga mwaka mzima.

Lipo jambo zito zaidi, na wengi hulinong'ona tu. Mashamba ya waliokimbia hayakubaki bila kuvunwa. Kuna mtu anayavuna. Wakati mwingine ni mwenye bunduki, wakati mwingine ni jirani anayelindwa na mwenye bunduki, awe amevaa sare au hajavaa. Kakao hiyo haikai porini. Inakuja mjini, inaingia depo, inalipwa. Anayeinunua bila kuuliza anafadhili kinachomfukuza mkulima wake wa kesho. Usiniambie hukujua. Hukuuliza, na kutouliza kumekuwa mtindo wako wa biashara.

Tulishawahi kupewa somo hili kwa dhahabu. Machi 2007, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliziweka kwenye orodha ya vikwazo kampuni za Kampala zilizokuwa zikinunua dhahabu ya upande wetu, Machanga na Uganda Commercial Impex. Katika orodha hiyohiyo zilikuwamo Butembo Airlines na Congomet Trading House ya hapahapa Butembo. Kosa lililoandikwa lilihusu dhahabu na makundi yenye silaha. Mali isiyo na asili inayojulikana ilimfikisha mfanyabiashara wa Butembo kwenye meza ya New York, na hakualikwa huko kula. Anayedhani kakao haiwezi kufuata njia hiyo hajasikia kwamba maneno "kakao ya damu" tayari yanasemwa.

Tuje kwenye msitu. Miti ya Mambasa, huko Ituri, inateremka kila siku kuja Beni na Butembo, kisha Kasindi, ikielekea Uganda na Kenya. Nyuma ya msumeno anafuata mpanda kakao. Ndugu zetu wengi, waliokimbia mauaji ya Beni au kubanwa na uhaba wa ardhi huko Lubero, wamevuka kwenda Ituri kufungua mashamba mapya. Sitamhukumu mwenye njaa anayetafuta ardhi. Namhukumu aliyekaa Butembo kwenye kiti cha ngozi, anayenunua misumeno, anakopesha mafuta, anahesabu mbao, kisha anadai kakao ya shamba hilo kama deni. Huyo hana njaa.

Sasa sikiliza jinsi anavyojikata mwenyewe. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu bidhaa zinazoharibu misitu inataja kakao, kahawa, mbao, mawese, mpira, soya na ng'ombe. Inasema hakuna kitakachoingia soko lao kama kimetoka kwenye ardhi iliyofyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kila shehena lazima ionyeshe mahali shamba lilipo. Shamba la kahawa ya babu lililogeuzwa kakao mwaka 2005 linapita bila jasho. Shamba jipya la Mambasa lililochomwa msimu uliopita halipiti. Na ukizichanganya hizi mbili kwenye gunia moja, gunia zima limekwisha. Sheria hairuhusu mchanganyiko wa kinachojulikana na kisichojulikana. Kwa hiyo dalali anayetia debe moja la Mambasa ndani ya magunia ya Mbau amewaibia wakulima wa Mbau miaka 20 ya kazi safi. Hii ndiyo biashara ya kipumbavu kuliko zote: kuchukua mali inayofaa na kuichafua kwa hiari yako.

Hapa najua nitapigiwa kelele. "Wazungu hao! Walimaliza misitu yao, wakatukata mikono kwa ajili ya mpira, leo wanakuja kutufundisha miti!" Ni kweli tupu, na sitawatetea. Tena wanafiki: sheria yao wenyewe wameiahirisha, kwanza hadi mwisho wa 2025, kisha tena hadi mwisho wa 2026, kwa sababu viwanda vyao vililia. Lakini mfanyabiashara hachagui mteja kwa usafi wa historia yake. Nchi za Ulaya ndizo wanunuzi wakubwa wa kakao duniani. Wewe ulienda Guangzhou ukajifunza kusema bei kwa Kichina. Hukumwuliza Mchina dhambi za wafalme wake. Uliona faida ukajifunza masharti.

"Basi tutauzia wasiouliza." Uzeni. Lakini asiyeuliza halipi pia. Nyinyi mnajua hili kuliko mtu yeyote, maana mmekaa kwenye maghala ya China mkashika jeans mbili za kitambaa kimoja, moja ina nembo na nyingine haina, na bei zikawa mbingu na ardhi. Mnaijua nguvu ya jina linapokuwa la mwingine. La kwenu mnaliuza bure.

Na msidhani njia ya Kasindi itabaki wazi milele. Uganda imeanza kuwaandikisha wakulima wake wa kahawa kwa ajili ya sheria hiyohiyo, na kakao inaelekea huko. Siku daftari lao litakapofungwa, kila tani inayotoka Kampala itatakiwa kulingana na shamba lililoandikwa. Kakao ya Congo iliyovushwa usiku itakuwa haina pa kukaa kwenye daftari hilo. Mganda ataifanya nini? Ataikataa, au ataichukua kwa bei ya kuokota. Dalali wetu atakuwa amekwama mpakani na magunia ambayo kule si ya kwao, na huku hakuna anayejua ni ya nani.

Wenzetu wa kahawa wameshaonyesha kwamba inawezekana. Miaka mingi kahawa ya milima ya Rwenzori na ya upande wa Ziwa Edward ilikauka juu ya vumbi, ikavushwa usiku kama kakao ya leo. Kisha wakulima wakajiunga katika vyama vya ushirika kama Kawa Kanzururu upande wa Rwenzori na Kawa Kabuya upande wa Butembo na Lubero, kwa msaada wa shirika la Ubelgiji la Rikolto. Wakajenga vituo vidogo vya kuoshea kahawa karibu na mashamba. Tunda jekundu linaletwa siku linapochumwa, linamenywa, linachachushwa, linaoshwa, linaanikwa kwenye meza za juu, na jina la aliyelileta linabaki kwenye kitabu. Kahawa hiyo ikafika Ulaya ikiwa na jina la Kivu. Mkulima wa kilima akaanza kujua bei ya kahawa iliyooshwa na bei ya kahawa ya vumbi, na akishajua tofauti, dalali hamdanganyi tena kirahisi.

Na tofauti hiyo ina namba. Chini ya Fairtrade, tangu Agosti 2023, bei ya chini kabisa ya arabika iliyooshwa ni dola 1.80 kwa ratili. Ikiwa ni ya kilimo hai, inaongezwa senti 40. Juu yake kuna senti 20 za maendeleo ya ushirika. Soko likianguka, mwenye cheti ana sakafu ya kusimamia. Mwenye magendo anaanguka hadi chini. Nani kati yao ni mfanyabiashara makini?

Tazama pia Mutwanga, chini ya Rwenzori. Maji yaliyokuwa yakiteremka bure yakageuzwa umeme na Hifadhi ya Virunga, na umeme ukaleta kiwanda cha sabuni ya mawese, kisha chokoleti yenye jina la Virunga, iliyotengenezwa hukohuko kwa kakao ya wakulima wa jirani. Najua hifadhi ile, iliyoundwa mwaka 1925, ina ugomvi mrefu na wananchi juu ya mipaka, na sikuja hapa kuisifia. Swali langu liko kwingine: kwa nini wazo hilo likatoka kwa wasimamizi wa wanyama na wafadhili wa nje, lisitoke kwa matajiri wa Butembo? Mto ulikuwepo. Kakao ilikuwepo. Fedha ilikuwepo, ila ilikuwa imepanda ndege kwenda kununua biskuti na sabuni za watu wengine.

Serikali nayo isikae pembeni ikipiga makofi. Mtu anayetaka kusafirisha kakao kihalali anapita ONAPAC ya mazao ya kilimo, anapita OCC ya ukaguzi, anapita DGDA ya forodha, anapita huduma nyingine zinazodai muhuri wao, na barabarani kuna bariyeri ambazo hata kwenye karatasi hazipo. Mlanguzi anampa mtu mmoja, usiku mmoja, anavuka. Serikali inayomkamua mkweli na kumpungia mkono mlanguzi imeshachagua upande. Na kisingizio cha umbali kimekufa: tangu waasi wa M23 waichukue Goma Januari 2025, serikali ya jimbo iko Beni, katikati ya kakao yenyewe. Wakubwa wanaweza kutembea kwa miguu kutoka ofisini hadi depo. Wafute bariyeri za uongo, waweke dirisha moja, na ada ya mwenye daftari iwe ndogo kuliko rushwa ya Kasindi. Wakishindwa hilo, wasituhutubie juu ya uzalendo wa kiuchumi.

Mashirika pia yanisikie. Mkulima mmoja wa Mangina ameandikishwa na mradi huu, akaandikishwa na ule, akapigwa picha, shamba likapimwa. Mradi ulipokwisha, orodha ikaondoka ndani ya kompyuta ya mradi. Orodha ya mashamba ni mali ya ushirika wa wakulima, ikae Beni na Butembo, na anayetaka kuitumia aombe ruhusa na alipe. Kwanza kazi yenyewe si ya mzungu mwenye gari la antena. Kwa shamba lisilozidi hekta nne, sheria ile ya Ulaya inataka nukta moja tu ya mahali, na mashamba yetu mengi ni madogo kuliko hapo. Simu ya kawaida inatosha. Pale Butembo tuna Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, chenye wanafunzi wa kilimo wanaotafuta pa kufanyia mafunzo. Wapeni pikipiki na mafuta pale panapofikika, na pale pasipofikika, ushirika uandike ulichonacho kwa ushahidi wa wenyeji.

Lakini mzigo mkubwa nauweka begani mwa matajiri wa Butembo, kwa sababu nyinyi ndio mnaojivunia kutomngoja mtu. Barabara mlichanga, shule mlichanga, umeme mlijaribu kuchangia. Mji huu ulijengwa na watu waliokataa kusubiri Kinshasa. Sasa mnangoja nini? Mnawajua madereva, mawakala, mabenki, bandari. Mnajua kumwamini mtu kwa neno na kumfungia milango yote akivunja neno hilo. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kufuatilia asili ya mali: kuaminiana kulikoandikwa. Mnayo tayari kwa kontena la viatu. Ifanyeni kwa kakao.

Msimu ujao, wekeni bei mbili ukutani mwa depo, mkulima azione: bei ya kakao mbichi isiyo na jina, na bei ya kakao iliyopitia sanduku na daftari, na tofauti kati yake iwe kubwa kiasi cha kumfanya mtu atembee. Msinunue gunia lolote ambalo mwenye kulileta hawezi kutaja shamba. Kakao ya Mambasa ikae peke yake, msiitie katika magunia ya Beni. Msimkopeshe mtu mafuta ya msumeno. Na lori likishuka Kasindi, lishuke mchana, na karatasi zenye jina la Beni juu yake.

Hamtaki? Basi yupo atakayetaka. Atakuja mnunuzi wa Kampala, au wa Brussels, au kijana wa Oicha mwenye simu na mizani, atajenga masanduku yake, atawaandika wakulima wenu mmoja mmoja, atawalipa vizuri kuliko nyinyi, na siku mtakapokwenda kununua mtaambiwa kakao imeshapata mwenyewe. Msimlaumu mchawi siku hiyo. Mtakuwa mmeshindwa kibiashara, kwenye ardhi yenu, na mtu aliyejua kuuliza swali moja mliloliona la kipuuzi: hili gunia ni la nani?